Pikapu Iliyonikataa

Baba mdogo alitoa hukumu yake siku ya arobaini ya baba, mbele ya ukoo mzima, bila hata kupandisha sauti. Pikapu ya marehemu, niliyoondoka nayo baada ya mazishi, ilikuwa kwangu Iringa, mtaa wa Kihesa, na habari kwamba ni mbovu ilikuwa imefika nyumbani Uyole kabla yangu.

"Jumapili ya mwisho wa mwezi tumalize maneno," alisema. "Ikifika hapa kwa magurudumu yake, ni ya shemeji, abebee kabichi zake. Ikifika kwa kuvutwa, kuna mtu wa Makongolosi anataka injini ya kuendeshea kinu. Nimeshaongea naye." Kisha akaongeza, akinitazama: "Kaka aliendesha gari hilo miaka tisa, halikumzimikia hata siku moja. Limemkataa binti."

Watu walicheka. Mama, huyo shemeji mwenye kabichi, alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Hakucheka, ila hakuinua uso.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu mwaka uliotangulia na kupangiwa kazi ya kilimo Iringa. Katika ukoo wetu ni baba na mimi tu tuliokuwa na leseni, kwa sababu alinifundisha mwenyewe. Nilikuwa mtu wa kufikiria jambo moja mpaka linachakaa. Sentensi ile, limemkataa binti, niliirudia tangu Uyole mpaka Kihesa, na nilipofika nilikuwa nimeamua kwamba gari halina uwezo wa kumkataa mtu. Lina uwezo wa kuharibika tu.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Naendesha vizuri kwa muda wa kama saa moja. Halafu nguvu inaanza kupungua, hasa mlimani. Nakanyaga mafuta, injini inakohoa, inasinzia, inazima, na taa nyekundu ya chaji inawaka mbele yangu. Tukikaa kidogo, linawaka na kwenda tena kama halijawahi kuugua.

Fundi wa kwanza Kihesa aliitazama ile taa, akabadilisha brashi za dainamo inayochaji betri. Wa pili akakaza mkanda wa feni na kuniambia ninunue betri. Wa tatu akabadilisha platini za kutoa cheche. Kila mmoja alilijaribu kwa kuzunguka mjini, na kila mara lilikwenda kama mshale. Nilipomuuliza wa tatu kwa nini basi linazima nikitoka mjini, alifuta mikono akatabasamu. "Dada, digrii haitoi cheche. Mtafute mwanaume aliendeshe."

Nikanunua daftari. Kila lilipozima niliandika saa, mahali, mlima au tambarare, baridi au joto, na nani alifanya nini.

Mama alikuja kwa basi siku moja kabla ya Jumapili hiyo. Sikumwomba. Alisema kama gari litavutwa, na yeye atavutwa ndani yake. Jumapili tukaondoka alfajiri, maana siku hizo magari binafsi hayakuruhusiwa barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana, ili kubana petroli. Kama saa nane ingetukuta njiani, baba mdogo angeshinda bila hata kamba ya kulivuta.

Lilizima kabla ya Mafinga. Likazima kabla ya Makambako. Likazima tena baada ya Makambako, nami kila mara niliruka chini, nikafungua boneti, nikapuliza, nikagusa nyaya, nikasikiliza. Mama alikuwa na kazi yake. Geji ya petroli ilikufa zamani, kwa hiyo alichukua kijiti chake, akafungua tangi, akapima, akasema, "Ipo," akafunga. Kisha tukawasha na kuondoka.

Mara ya nne tulikuwa tumefika tambarare ya Usangu, karibu na Igurusi, na ilikuwa saa sita kasoro kidogo. Kundi la ng'ombe lilikuwa linavuka barabara. Mchungaji wake, mzee wa makamo aliyehamia huko kutoka kaskazini, alisimama kutuangalia.

"Hilo gari linaumwa nini, mama?"

"Tungejua tusingesimama hapa," mama alisema.

"Uzeni mnunue ndama. Ng'ombe akichoka analala, hawashi taa."

Sikufungua boneti. Nilikuwa nimechoka kuiogopa injini. Nilikaa kwenye nyasi na daftari langu, na nikaona jambo ambalo nilikuwa nimeliandika mara saba bila kulisoma. Kwanza nguvu inaisha, halafu injini inazima, halafu ndipo taa inawaka. Taa ilikuwa inawaka kwa sababu injini imezima. Mafundi wawili wa kwanza walikuwa wamemtibu mpiga mbiu wa msiba. Na chini ya kila tukio kulikuwa na maneno yale yale, kwa mwandiko wangu mwenyewe: nimepima petroli, likawaka. Pale nilipokuwa na mama: mama amepima, likawaka.

"Mama, usifungue tangi."

"Nisifungue kwa nini? Muda unakwenda."

"Tungoje robo saa. Tuwashe bila kufungua."

Alinitazama kama ananipima mimi kwa kile kijiti, kisha akakaa. Ilikuwa robo saa ndefu kuliko mtihani wowote niliofanya. Nilijiambia nimekosea, kwamba ninapoteza gari la mama kwa ajili ya daftari. Nikawasha. Likakohoa, likazima. Nikashuka, nikazungusha mfuniko wa tangi mwenyewe, na nikaisikia pumzi: fyuuu, hewa ikivutwa ndani. Hata yule mchungaji aligeuza kichwa. Nikawasha. Likanguruma.

Chini ya mfuniko kulikuwa na mpira mweusi wa tairi la ndani, umekatwa duara vizuri, umeziba kitundu cha kupitishia hewa. Petroli ilikuwa inatoka, hewa haiingii badala yake, mpaka tangi linainyima injini.

Mama aliushika ule mpira, akaugeuzageuza.

"Ni mimi," alisema. "Wateja wa soko la Mwanjelwa walilalamika kabichi zinanuka petroli, inamwagika kwenye kona. Nikaziba. Baba yako alinisifu."

Kutoka Uyole mpaka Mwanjelwa ni mwendo wa dakika chache. Miaka yote ile baba hakuwahi kuliendesha kwa muda wa kutosha lizime. Mtu wa kwanza kulipeleka mbali alikuwa mimi.

Mama akatoa sindano ya kushonea magunia kwenye kikapu, akautoboa mpira pale pale penye kitundu, akaurudisha. Tukapanda milima ya Inyala bila kusimama, taa imelala.

Tuliingia uani saa saba na nusu. Baba mdogo alikuwa amekaa na yule mtu wa Makongolosi, mnyororo wa kuvutia gari uko miguuni pao. Sikuzima injini.

"Zima, unamaliza petroli," alisema.

"Nitazima, baba mdogo, ukishasema mbele ya hawa ni la nani."

Sikuwahi kumjibu mkubwa hivyo. Alizunguka gari, akainama kuitazama dashibodi.

"Lilikuwa na nini?"

Hapo ndipo niliogopa kweli. Nikisema mpira, wangesema mke ndiye aliyeliua gari la mumewe. Nilikuwa tayari kudanganya kwamba ni platini.

"Nililiziba mimi," mama alisema, akishuka na kijiti chake mkononi. "Na nimelizibua mimi. Huyu ndiye aliyejua wapi. Sasa sema, shemeji, mtoto azime."

Injini iliendelea kunguruma. Mgeni wa Makongolosi aliinama akaanza kukunja mnyororo wake.

"Ni la shemeji," baba mdogo alisema.

Nikaachia klachi likiwa kwenye gia, likazima. Taa nyekundu ikawaka, kama inavyotakiwa, nikachomoa ufunguo na kumkabidhi mama.