Majina Sitini

Miaka ya themanini, upande wa Shinyanga, nilikuwa kijana mwenye kichwa kilichovimba. Nilikuwa nimetoka kozini Dar es Salaam, na mgodi ulioniajiri ulikuwa umenunua kompyuta moja, ikawekwa kwenye kibanda cha lango la shimo. Niliandika programu ya kuonyesha nani yumo shimoni kabla baruti haijalipuliwa.

Mlinda lango, mama wa makamo, hakuacha ubao wake wa misumari. Aingiaye alitundika kipande cha bati chenye namba yake, atokaye akakichukua. Nilimcheka waziwazi.

Tatizo langu lilikuwa kumbukumbu ndogo ya mashine. Kila jina liliandikwa kwenye diski, lakini diski ilijikokota, kwa hiyo niliweka nakala za majina kwenye kumbukumbu ili jibu lije upesi. Watu walipozidi, kumbukumbu ikajaa, mashine ikagoma. Nikaweka kikomo: majina sitini. La sitini na moja likiingia, lililokaa muda mrefu zaidi bila kuguswa linatupwa. Nikajipongeza.

Mzee wa pampu ya kutoa maji shimoni ndiye aliyetangulia kushuka kila asubuhi.

"Mwangaluka. Nimo humo?" alinisalimu kwa Kisukuma na kuuliza, akichungulia kioo cha kompyuta.

"Shikamoo, baba. Umo," nilijibu bila kutazama.

Siku moja waliingia wengi kuliko kawaida, wakapita sitini. Saa sita wakatoka kupisha baruti. Nikaiuliza kompyuta, kioo kikabaki kitupu.

"Hakuna mtu. Piga king'ora cha baruti, mama."

Hakuinua mkono. "Mwanangu, msumari huu una mtu."

"Huyo kasahau bati lake. Mashine haisahau."

"Basi sipigi mpaka nimwone."

Nilikasirika, nikamwita mbishi mbele za watu. Wakatumwa wawili chini. Hapo ndipo nilipofikiri. Aliyekaa muda mrefu bila kuguswa ni yule aliyeshuka mapema na bado hajatoka. Nilikuwa nimemtupa yeye wa kwanza, na programu yangu haikwenda kumtafuta kwenye diski. Sijawahi kuogopa vile.

Mzee wa pampu alipanda polepole, suruali imelowa tope, akilalamika kwamba kelele za pampu zilimzuia kusikia wito. Akachukua bati lake, akachungulia kioo changu.

"Vipi, nimo?"

Kioo kilikuwa bado kitupu. Mama alinitazama, akasubiri niseme kweli.

"Umo, baba," nikasema.