Lango Nililolifunga

Ingali masikioni mwangu, mwanangu, Jumamosi ile niliyochekwa kwa kinyozi. Nilikuwa nimekaa kwa tonton Amisi, kule Saint-Josse, Brussels, kitambaa shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa, nikajisahau nikasema wazi: naacha kufagia ofisi za watu, nakwenda Uingereza kusomea utunzaji wa misitu. Amisi akazima mashine.

"Papa Kashindi, unasema nini? Muntu anavuka bahari juu ya kusoma miti?"

Maman Zawadi, aliyekuwa amemleta mwanawe kunyolewa, alipiga makofi. "Diplôme ya miti! Alors, kwetu Kivu miti yote ile ilisomewa na nani? Ilikomaa yenyewe, na ikatutosha."

"Na ile Anglais utaitoa wapi?" Amisi akaendelea. "Na miaka quarante-deux, arobaini na miwili! Bon, enda. Mbele ya Noël utakuwa umerudi. Huu upande mwingine wa kichwa nitakumalizia siku hiyo."

Saluni nzima ilicheka, na mimi nikacheka nao, maana mtu mwenye nusu ya nywele hana ubavu wa kukasirika.

Sikurudi kabla ya Krismasi. Nilirudi na diploma, na leo imetundikwa sebuleni kwangu, Berchem-Sainte-Agathe, kwenye fremu ya mbao ngumu. Mgeni huiona kabla hajaiona televisheni. Walionikopesha nauli nimewalipa wote. Mimi niliyeanza na ndoo na deki, leo ndimi ninayeitwa kuamua mti upi wa mtaani uishi na upi uangushwe. Nasema haya bila kuona haya, kwa maana anayejisifu kwa alichokifanya si mwongo. Lakini diploma hiyo nusura inipite, mwanangu. Kiingereza hakikunishinda, wala umri. Nusura inipite kwa sababu ya lango moja.

Nyuma ya majumba yetu hapa Berchem kuna kijisitu. Jumapili, baada ya ibada, hupenda kupita pale mvua ikiwa imetoka kunyesha. Harufu ya majani yaliyolowa hunishika mkono na kunirudisha kule, nami huenda bila kubisha.

Msitu ule wa Uingereza nao ulikuwa mdogo. Ukipiga mluzi upande huu, mtu wa upande wa pili anageuka. Ulikuwa mali ya mjane wa miaka themanini na ushei, Bi Edna, aliyetembea na fimbo na kuvaa koti la marehemu mumewe. Chuo kilinipeleka kwake kwa wiki sita za mwisho, nifanye kazi kwa mikono. Baada ya hapo yeye atie sahihi kwamba nafaa. Bila sahihi yake hakuna diploma. Na bila diploma, nirudi Brussels kwenye deki na vicheko.

Nilifika mwezi wa tano. Chini ya miti palikuwa na maua ya buluu, maelfu kwa maelfu, yameinamisha vichwa kama waumini wakati wa sala. Ukisimama kwa mbali hukuona maua, uliona moshi wa buluu umelala juu ya ardhi. Mwanga ulishuka kijani. Kuna asubuhi nilisimama pale nikasahau kama ni mimi ninayeutazama msitu au ni msitu unaoniota mimi.

Na kuzunguka msitu, mashamba. Na kukatiza mashamba, vijia vya miguu. Nchi ile ina desturi ya ajabu: kijia hupita katikati ya shamba la mtu, na kila mpita njia ana haki ya kukifuata. Siku ya kwanza nilisimama kwenye shamba la ngano nikapiga hodi. Nikapiga tena. Aliyeniitikia ni kunguru.

Sasa nikueleze nilivyolelewa, ili usinicheke bure. Kwetu, milimani juu ya Uvira, lango la zizi likikutwa wazi, aibu ni ya aliyepita mwisho. Mbuzi mmoja kwenye maharage ya jirani ni kesi kwa chifu, na kesi hurithiwa. Marehemu baba alinichapa mara moja tu kwa ajili ya lango, na ikatosha kwa maisha yangu yote. Basi siku moja ya joto, joto lisilo la kawaida ya nchi ile, nikipanda kijia kuelekea msituni asubuhi, nikakuta lango la malisho ya juu liko wazi kabisa. Limefungwa kwa kamba kwenye nguzo ya ua ili lisijirudie. Nikatikisa kichwa. Hawa nao, nikasema, wazungu hawa. Nikafungua fundo, nikakunja kamba vizuri, nikaitia mfukoni, nikalifunga lango kwa komeo. Nikaenda zangu kazini nikiimba.

Ilipofika saa tisa alasiri nilikaa jikoni kwa Bi Edna tunakunywa chai. Unanijua, mimi siwezi kufanya jambo jema nikanyamaza. Nikaitoa ile kamba nikaiweka mezani kama mwindaji anavyoweka pembe.

"Mama," nikamwambia, "majirani zako si makini. Mzembe mmoja ameacha lango wazi. Nimelifunga."

Kikombe kilikuwa kinakwenda mdomoni mwake. Kilirudi kwenye kisahani.

"Lango gani?"

"La juu, karibu na ule mti uliokauka."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi, mama, nilipokuwa nakuja."

Alitazama dirishani, kwenye jua. "Kimbia," akasema. "Usinisubiri. Kimbia!"

Nilikimbia bila kujua ninakimbilia nini. Sikufuata njia, nilikata katikati ya yale maua, na harufu yao ikapanda kila nilipokanyaga. Kabla sijatokea kwenye miti nikasikia. Kondoo wa jirani wa Bi Edna, Bwana Ron, walikuwa wamesongamana langoni, mmoja juu ya mwingine, ndimi nje. Malisho ya juu hayakuwa na tone la maji. Kijito kilikuwa bondeni, ng'ambo ya lango, na ndiyo maana liliachwa wazi: washuke wanywe, wapande tena wakitaka. Nilipolifungua walinipita kama mafuriko. Mmoja hakuinuka. Alikuwa mwanakondoo, mdogo, mweupe, aliyekanyagwa na wenzake wakigombea upenyo. Nilimpakata. Joto lilikuwa bado mwilini mwake, lakini yeye hayumo.

Bwana Ron alifika na gari lake la shambani, na Bi Edna akafika na fimbo yake. Nikaanza kujieleza. Nikasema nilidhani ni uzembe, nikasema nilikuwa na nia njema.

"Nia njema hainyweshi kondoo," Bwana Ron akanijibu. Wala hakupaza sauti. Akanitazama kidogo, kisha akauliza, "Kamba uliikuta imefungwa vipi?"

"Kwa fundo."

"Mafundo mangapi?"

Nikakumbuka vidole vyangu vilivyohangaika asubuhi ile. "Mawili," nikasema.

"Mzembe hafungi mafundo mawili, bwana."

Mwanangu, nimetukanwa kwa lugha nne katika maisha yangu, na hakuna tusi lililonifika kama maneno yale. Lile fundo lilikuwa linanieleza kila kitu. Mtu aliyelifunga alikuwa ananiambia: nimefikiri, nina sababu yangu. Mimi nikalifungua bila kusikia. Wahenga walisema macho ya mgeni ni makubwa ila hayaoni.

Tulimzika mwanakondoo kando ya ua, nilichimba mimi. Bi Edna alingoja nimalize ndipo akasema, "Leo mkono wangu hauwezi kuandika jina langu chini ya kazi yako. Ukitaka, rudi kesho bila msumeno na bila panga. Siku saba utapita vijia vyangu vyote na hutagusa kitu. Jioni utaniletea maswali. Majibu usilete, majibu unayo mengi."

Usiku ule nilifungasha sanduku. Asubuhi nikalifungua, nikarudisha nguo mahali pake, nikaenda msituni.

Na hizo, mwanangu, ndizo siku saba tamu kuliko zote nilizoishi. Mikono mfukoni, natembea tu. Nilipita chini ya ule mti mkavu niliokuwa nimepanga kuukata wiki ya kwanza. Nikakaa chini yake mpaka nikaona kigogota anaingia kwenye tundu na chakula mdomoni. Nikauliza jioni. Bi Edna akaniambia mti ule ulikufa kabla yeye hajaolewa, na tangu hapo haujawahi kukosa wapangaji. Nilipita penye vichaka vya miiba nilivyoviita uchafu. Alfajiri vilikuwa vinaimba, kila kijiti na ndege wake. Kijia kimoja kilizunguka mahali patupu bila sababu yoyote niliyoiona. Nikauliza. Palikuwa na mti hapo zamani, watu wakauzunguka. Mti ulianguka, na miguu ikaendelea kuuheshimu. Niliposikia hilo sikulala upesi. Nilijiona ninatembea na watu wote waliokufa, wamenishika viwiko, wananipitisha taratibu.

Siku ya saba aliniuliza, "Haya, nikikupa msumeno sasa, utaanza na mti gani?"

"Sijui bado, mama," nikasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema sijui tangu nitue Uingereza, na ilinitoka kwa shida kama jino.

Akaitandaza ile karatasi ya chuo kwenye nguzo ya ua, akatia sahihi. Wino ulipita juu ya ufa wa mbao, ukaacha pengo katikati ya jina lake. Njoo nyumbani nikuonyeshe, pengo lipo.

Usidhani nilipata unyenyekevu mwingi. Mke wangu atakuambia ukweli. Lakini hili nililolipata nakupa lote. Unaingia kazini Etterbeek kumhudumia mzee katika nyumba yake, au unaolewa katika ukoo wa watu, au unapokea jiko la mgahawa ambamo mwingine amepika miaka ishirini. Utaona kitu kimekaa upande, na malezi yako mema yatakusukuma ukinyooshe. Ngoja. Malezi ya kwenu ni mali, lakini yanajua kondoo wa kwenu tu. Tafuta kwanza fundo, mahali ambapo mtu aliweka mkono wake kwa makusudi, kisha muulize kwa nini. Akikujibu, umepata elimu ambayo mimi niliinunua kwa uhai usio wangu. Asipokujibu, kaa kidogo, tazama. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kufunga lango ukaenda zako ukiimba.

Mungu akupe macho ya kuona kabla ya mikono ya kugusa. Uingiapo kwa watu, akufungulie midomo yao wakueleze. Na lolote utakaloligusa baada ya hapo, liishi.