Salamu za Mukama Aliyelala

Tusidanganyane: Jumatatu hadi Ijumaa Respicius alikuwa msukuma viti vya wagonjwa pale uwanja wa ndege wa Dulles, na abiria wengi hata usoni hawakumtazama. Jumamosi ndiyo alikuwa mtu. Alivaa kanzu, akashika fimbo nyeusi, akawa mdomo wa Mukama, mfalme wa kwao Uhaya asiye na serikali tena, kwa Wahaya wa Washington na vitongoji vyake.

Kazi ile haikuwa na ofisi wala mshahara. Aliianza mzee Ferdinand, dereva wa ubalozi, miaka ya sabini, Mukama alipompa fimbo ampelekee salamu kwenye harusi na misiba. Mwenye fimbo aliingia, akagawa kahawa ya kutafuna iliyotoka kwa Mukama, ndipo shughuli ianze. Ferdinand alipozeeka alimkabidhi Respicius, kwa sharti moja: Mukama akilala, yaani akifa, fimbo ilazwe chini siku hiyo hiyo na salamu zikome.

Mei 1998, siku ya Alhamisi, simu ikamjia Respicius peke yake kutoka Bukoba. Mukama amelala. Na Jumamosi Irene, binti wa Euphrasia, alikuwa anaolewa Lanham, nje kidogo ya Washington.

Jamani, si angesema tu? Hakusema. Alijiambia hataki kuwaharibia watu harusi. Uongo mtupu, alichoogopa ni kuingia ukumbini mikono mitupu, msukuma viti kama siku nyingine. Akaingia na fimbo yake.

"Mukama anakusalimu, mwanangu," akamwambia Irene, akampa punje mbili za kahawa. Ukumbi mzima ulisimama.

Kesho yake kanisani roho ilimsuta misa nzima. Akaenda moja kwa moja kwa Euphrasia, akalaza fimbo sakafuni, akamweleza yote.

Euphrasia hakufoka. Afadhali angefoka. Alitoa kitambaa kabatini, akakikunjua. Ndani mlikuwa na punje moja.

"Irene alitafuna moja. Hii kaniachia nimtunzie mwanawe wa kwanza, aje ajue Mukama alimsalimu mama yake." Akainua ile punje. "Sasa huyo mtoto nimwambie imetoka kwa nani, baba?"

Respicius aliitazama fimbo pale chini. Aibu ilimjaa mpaka machoni.

"Mwambie imetoka kwangu," akasema. "Msukuma viti wa Dulles."

Euphrasia akaikunja tena ile punje kitambaani, akairudisha kabatini.