Wembe wa Kangaja

Siku ile ya samaki naikumbuka, mwanangu, wala si kwa kupenda. Kidole hiki cha kati hakikunjiki tangu wakati huo, na kila nikifunga kanga kinanikumbusha. Kaa hapo. Nimechoka, na maneno yenyewe si marefu.

Tulikuwa tumehamia kijiji kipya upande wa Handeni, enzi za Ujamaa. Kule tulikotoka, kwenda kwa mwenzako ulitembea mpaka jasho likutoke. Sasa tukapangwa mstari mmoja, nyumba kwa nyumba, jirani akipiga chafya unaamka wewe. Jirani yangu alikuwa Mama Zaina, mwanamke mpole aliyewahi kuolewa Tanga mjini, akaachika, akarudi kwao. Kuku wake walifukua mbegu zangu za mahindi. Wanasema fahari wawili hawakai zizi moja, ila pale fahari nilikuwa mimi peke yangu. Nikamwambia mbele ya watu, "Kuanzia leo usinisemeshe, hata ukiniona nakufa." Alinitazama, akaenda zake.

Tukakaa hivyo mpaka mahindi yakafika magotini. Siku moja tukiwa tunapalilia shamba la kijiji, lori kutoka Tanga likatuletea tenga la samaki waliofunikwa magunia mabichi. Weusi weusi, wapana, vidomo vidogo kama vya mtoto aliyenuna. Sisi wa kambale na perege wa mtoni hatukuwajua. Wanawake tukapewa kazi ya kuwapara, na mimi na Mama Zaina tukajikuta kwenye beseni moja. Nikamkamata wa kwanza mkiani, kwa nguvu, nilivyozoea kumshika kambale asiteleze, nikamvuta. Damu niliiona kabla ya kusikia maumivu.

Yule ni kangaja, mwanangu. Anaishi kwenye miamba ya baharini, anaguguna majani yaliyoota juu ya mawe, hana ugomvi na mtu. Lakini ubavuni, pale mkia unapoanzia, ana wembe uliolala kwenye ala yake, na hata akiwa amekufa unakata. Ulinikata mpaka kwenye kano.

Mama mkwe wangu alinifunga kidonda kwa kipande cha kanga, kisha akamgeukia Mama Zaina.

"Wewe umekaa Tanga. Samaki huyu hukumjua?"

"Nilimjua, mama."

"Na ulimwona mwenzako anavyomshika?"

"Nilimwona. Nilifungua mdomo, nikakumbuka amenikataza nisimsemeshe." Akaanza kulia.

Mimi nikataka ashtakiwe kwa wazee wa kijiji siku hiyohiyo. Mama mkwe akanishika bega, akanikalisha.

"Utamshtaki kwa lipi? Ulimpa amri, ameitii. Keti."

Niliketi, mwanangu, na aibu ile ilinichoma kuliko kidonda. Mama Zaina ndiye aliyenipalilia shamba langu msimu ule, na hakutumwa na mtu. Tulisemezana mpaka tulipomzika. Kidole hakikurudi.

Sasa nasikia wewe na dada yako mnapishana hapa Manundu kama watu wasiojuana, kisa maneno yaliyosemwa msibani. Sitaki kujua nani alianza. Sina tena nguvu za kuamua kesi. Gombaneni mkitaka, vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana. Nuneni hata siku nzima. Lakini mtu usimkataze kukusemesha, maana hujui kesho yeye ataona nini ambacho wewe hukioni, na mkono wako uko wapi wakati huo.

Mwenyezi Mungu awape ndimi laini na vifua vya kustahimiliana, awakutanishe kwenye sahani moja kabla hajawakutanisha kwenye kaburi langu. Haya, inuka uende kwa dada yako. Yeye ni mkubwa, kamwamkie wewe. Shikamoo haijawahi kumkata mtu.