Dumu la Tano

Mwanangu Tekla,

Kila nisikiapo dumu la maji likiburutwa juu ya sakafu, huikumbuka Jumamosi moja ya mwaka ule uliozaliwa, na aibu hunirudia mbichi kama ilivyokuwa siku yenyewe. Nimeamua kukusimulia leo, kwa sababu Jumapili iliyopita nilipokuja kwako niliitazama boti yako pale uani, nikaona mambo ambayo sikutaka kuyasema mbele ya wageni wako. Injini ilikuwa na ukoko mweupe wa chumvi. Jaketi za kuokolea zilikuwa zimerundikwa zikingali na maji. Hema mbili ulizolala nazo ufukweni na wanafunzi wako zilikuwa zimekunjwa pamoja na unyevu na mchanga wake. Nilipokuuliza kando, ulinijibu kwa upole, "Baba, nimechoka, nitaosha kesho. Halafu maji yenyewe unajua yanavyopatikana huku."

Najua, mwanangu. Najua pengine kuliko unavyodhani.

Mwaka ule mama yako na mimi tulikuwa tumepanga chumba kimoja Boko. Nilikuwa mwalimu mgeni wa shule ya msingi, kijana wa Mbamba Bay, niliyekulia kando ya Ziwa Nyasa na kujiona kwamba hakuna nisilolijua kuhusu vyombo vya majini. Siku za Jumamosi nilifanya kazi kwa Bi Somoe, mjane wa Kilwa aliyekuwa akiishi Ununio. Marehemu mumewe alimwachia boti ya faiba na injini ya nguvu za farasi kumi na tano, na kwa boti hiyo aliwavusha watu waliokwenda kupumzika kisiwani Mbudya. Hakuwa na shamba wala duka. Mabinti zake wawili walisoma kwa injini ile.

Siku ya kwanza nilipomwendea kuomba kazi, nilijisifu kwamba nimekulia majini.

"Maji gani, Mwalimu?" akaniuliza.

"Ya ziwa, Bi Somoe."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Nyie watu wa ziwani mnadhani kila maji ni ya kunywa! Haya, njoo nikuoneshe bahari inavyokula chuma."

Akanipeleka uani, penye pipa jembamba la plastiki lililokatwa mdomo. Akanieleza kwamba kila boti inaporudi, injini huvuliwa, ikatumbukizwa ndani ya pipa lile, yakamiminwa madumu manne ya maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi, kisha ikawashwa na kuachwa ikinguruma humo hata maji hayo yapite ndani ya mishipa yake yote. Akanionesha tundu dogo ubavuni ambalo maji hutokea kama uzi. "Injini isiyokojoa ni mgonjwa," akasema. "Ukiona haikojoi, usiniambie habari nyingine. Zima kwanza." Jaketi nazo zilisuuzwa na kuanikwa kivulini, si juani, kwa kuwa jua huua kitambaa kama chumvi inavyoua zipu. Yote hayo niliyasikiliza kwa adabu, na moyoni nikayacheka. Kwetu ziwani injini ilitoka majini ikiwa imekwisha kuoshwa na ziwa lenyewe. Tuliiegemeza mchangani, tukaenda kula.

Sasa, mwanangu, yaweke pamoja mambo haya mawili. Bomba la mtaa wetu lilikuwa limekauka kwa majuma mengi, nasi tulikuwa tukinunua maji ya mkokoteni. Nawe ulikuwa na miezi mitatu, na nepi zako hazikujua kwamba bomba limekauka. Nilikuwa nikimwona mama yako akisuuza nepi sita kwa maji ya beseni moja. Kisha Jumamosi nafika Ununio, napewa madumu manne ya maji safi nikinyweshe chuma.

Juma la kwanza niliosha kama nilivyofundishwa. Juma la pili nilingoja Bi Somoe aingie ndani kuswali Alasiri. Nikatumia dumu moja kuiosha injini kwa nje, nikaifuta kwa kitambaa hata ikang'aa kama mpya, jaketi nikazianika bila kuzisuuza, na madumu matatu nikayafunga nyuma ya baiskeli, nikaja nayo Boko. Mama yako aliponiuliza, nilimwambia nimepewa. Alimwombea dua Bi Somoe, nami nikaitikia amina.

Nilifanya hivyo kwa majuma kumi. Wala sikujiita mwizi hata mara moja. Nilijiita baba. Kijana anapotenda kosa kwa ajili ya mtu anayempenda, dhamiri yake hulala usingizi mzito sana, na hapo ndipo inapofaa aiamshe kwa nguvu.

Katika juma la kumi na mbili, babu yako alikuja kutoka Mbamba Bay. Alikuja kukuona wewe, ingawa neno kuona halimfai vizuri, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamekwisha kufunikwa na ukungu; alikupakata na kukupapasa uso kwa vidole, polepole, akasema umechukua paji la bibi yako. Kisha akasema ana haja moja tu kabla ya kupanda basi la kurudi. Maisha yake yote alikuwa mtu wa maji, lakini hajawahi kuelea juu ya maji ya chumvi.

Nilipomweleza Bi Somoe, hakuniacha nimalize. "Mzee amesafiri siku mbili, nawe unaniomba ruhusa? Mchukue. Jumamosi asubuhi sitavusha mtu, boti ni ya baba yako." Akaja mwenyewe ufukweni kumsalimu, akamshika mkono kumpandisha. "Shikamoo, mzee wangu. Mwanao ananitunzia chombo hiki kama jicho."

"Marahaba, mama," babu yako akajibu, na nikaona kifua chake kikijaa.

Tulipokuwa bado kwenye maji mafupi, nilimvalisha jaketi. Zipu haikusogea; ilikuwa imeota kutu ya kijani. Nikaivuta kwa nguvu, ikakatika. Nikamfunga kwa kamba iliyokuwa ndani ya boti, nikamwambia ndivyo zilivyo hizi za mitumba. Huo ulikuwa uongo wa kwanza wa siku ile.

Tulikwenda vizuri hata tukafika katikati, ufukwe nyuma yetu, kisiwa mbele. Babu yako alikuwa ametia mkono majini, akitabasamu kama mtoto. Ndipo niliposikia harufu ya rangi inayoungua. Nikageuka kutazama tundu la ubavuni. Hapakuwa na uzi wa maji. Kabla sijaifikia swichi, injini ilikoroma, ikajikaza, ikazimika yenyewe.

Mwanangu, ukimya wa boti iliyozimikiwa injini hauna mfano. Nilivuta kamba ya kuwashia mara mbili, tatu. Ilikuwa ngumu kama imefungwa kwenye mti. Mawimbi yakaanza kutugeuza ubavu. Mvuke ulikuwa ukitoka chini ya kifuniko.

"Nchi kavu iko upande gani?" babu yako akauliza. Hakuwa akiiona. Alikuwa ameshika ukingo wa boti kwa mikono miwili, na ile kamba niliyomfunga ilikuwa imeanza kulegea.

"Iko nyuma yako, Baba. Usiogope."

"Siogopi. Nauliza. Mashine hii huwa unaiosha?"

"Naiosha, Baba. Kila Jumamosi."

Akauachia ukingo. Akajisogeza kwa kupapasa mpaka nyuma, akaniambia nifunue kifuniko, akasubiri joto lipungue. Kisha akaingiza kidole chake katika kona za ndani, mahali ambapo kitambaa changu hakikuwahi kufika, akakitoa, akakiweka ulimini.

Hakupandisha sauti. "Hii ni chumvi, mwanangu. Tena si ya leo."

Macho yake hayakuona jinsi injini ilivyong'aa kwa nje, na kwa hiyo hayakudanganyika. Akaomba kasia. Bi Somoe hakuruhusu boti yake iondoke bila makasia mawili, na siku ile makasia yale ndiyo yaliyokuwa tegemeo letu. Tukapiga makasia, mzee asiyeona na kijana asiyestahili kutazamwa, yeye akiniuliza kila baada ya muda kama ufukwe uko mbele, nami nikimjibu. Boti ya jirani iliyotumwa na Bi Somoe alipotuona tunapepesuka ilitukuta njiani, ikatuvuta.

Tulipokaribia mchanga, babu yako alinishika mkono. "Mimi sitasema neno," akaniambia. "Si kwa kukuficha. Neno hili ni lako."

Nikamkuta Bi Somoe amesimama majini hadi magotini, kanga imelowa. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mzee yu mzima?" La pili hakuliuliza, alinitazama tu. Nikamweleza yote: pipa, baiskeli, madumu matatu, majuma kumi, nepi. Nilisema nikiwa nimeinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyekamatwa akiruka ukuta.

Alikamua pindo la kanga yake. Kisha akasema maneno ambayo sijawahi kuyasahau: "Ungeniambia, 'Bi Somoe, mtoto hana maji,' ningekupa. Mimi nimelea watoto, Mwalimu. Sililii maji. Nalilia kwamba majuma kumi nilikuwa nikiitazama mashine ya mume wangu inang'aa, nikimshukuru Mungu kwa kuniletea mtu mwaminifu." Hapo akageuka kuelekea nyumbani.

Babu yako alikuwa amekata tiketi ya Jumatatu. Aliisogeza mbele. Kwa siku tatu tulikaa uani kwa Bi Somoe, pamoja na fundi mmoja kutoka Kunduchi. Tuliifungua injini kipande kwa kipande. Mishipa ya kupitishia maji ilikuwa imezibwa na chumvi ngumu kama chokaa. Gurudumu dogo la mpira linalosukuma maji lilikuwa limeungua, likatafutwa jingine. Babu yako alilowesha vyuma katika siki, akavisugua kwa mswaki wa zamani, akitumia ncha za vidole kutambua palipobaki ugumu, na kila alipopapata aliniita, "Hapa bado." Hakunilaumu tena. Lakini yale maneno mawili, hapa bado, hapa bado, yalinifundisha kuliko vitabu vyote nilivyopata kuvisoma kuhusu uadilifu, na nimesoma vingi.

Siku ya tatu adhuhuri, injini ilitumbukizwa ndani ya pipa. Bi Somoe mwenyewe ndiye aliyevuta kamba. Ikakohoa. Ikavutwa tena. Ikakohoa, ikashika, ikanguruma. Sote tukainama kutazama lile tundu. Lilitoa matone, likasita, kisha uzi wa maji ukaruka na kumlowesha babu yako miguu.

"Inakojoa!" Bi Somoe akapiga kigelegele. "Mzee, imekukojolea wewe, basi umepata mjukuu wa pili Dar es Salaam!" Babu yako akacheka hadi machozi yakamtoka katika yale macho yasiyoona.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Ununio kuaga, kwa kuwa sikudhani kama nina kazi tena. Nilikuta madumu yamepangwa kando ya pipa. Nikayahesabu mara mbili. Yalikuwa matano.

"Hili la tano ni la mtoto," Bi Somoe akasema, amekaa juu ya kigoda na kufumbata mikono. "Na haya manne nitakaa papa hapa niyaone yanamiminwa. Leo, na Jumamosi ijayo, na nyingine, mpaka nitakapochoka kukuangalia. Haya, Mwalimu wa ziwani, anza."

Alikaa juu ya kigoda kile kwa muda wa mwaka mzima. Kisha Jumamosi moja nilipofika, nilikuta madumu matano yamepangwa, na kigoda kimerudishwa ndani. Sijapata kutunukiwa heshima kubwa zaidi ya hiyo hadi leo.

Basi sikia sasa ninalotaka kukuachia. Usiseme kesho juu ya chumvi. Chumvi haina kesho. Inaanza kazi yake wakati wewe unavua viatu. Utakaporudi umechoka, inyweshe injini kwanza, kisha unywe wewe, na usiondoke mpaka umeuona ule uzi wa maji kwa macho yako. Suuza zipu za jaketi na uzipake nta ya mshumaa, kwa maana siku utakayozihitaji hutakuwa na nafasi ya kuzibembeleza. Hema ikikunjwa mbichi huoza ikiwa imenyamaza. Ianike hata kama ni usiku wa manane, hata kama ni juu ya kamba ya nguo za jirani, ukishamwomba. Na makasia yawe mawili daima, hata injini iwe mpya kiasi gani. Watu wanaopanda boti yako huikabidhi mikono yako roho zao bila kukagua. Wanaona panapong'aa tu.

Na zaidi ya yote, unapopungukiwa, sema. Usiitoe haki ya kitu ulichokabidhiwa ukaipeleka kwa umpendaye, hata kama umpendaye ni mtoto mchanga. Nepi zako zilifuliwa kwa maji yale, Tekla. Uliyavaa bila kujua. Babu yako alikaribia kuyalipia kwa nafsi yake, na mwanamke asiye ndugu yetu alitulipia kwa subira yake.

Alhamisi nitamtuma mtu mwenye mkokoteni kwako na madumu matano. Yapange kando ya pipa. La tano ni lako mwenyewe, uogee, upumzike.

Mungu akulinde uendapo na urudipo. Akujalie mikono isiyochoka kutunza, na moyo usiong'aa kwa nje peke yake. Na siku moja na wewe upate mtu wa kukuamini kiasi cha kurudisha kigoda chake ndani.