Paa la Zulmira

Volkano ya hapa kisiwani Fogo ilipotapika, ilimeza kijiji chetu chote. Nyumba ya Zulmira ilibaki paa tu, na juu ya paa hilo ndipo anapouzia jibini ya mbuzi na mvinyo. Kila asubuhi analifagia.

"Unafagia kaburi, Zulmira?" nilimtania leo.

"Wageni wakute vumbi kwangu? Mdomo wako huo ndio wa kufagiwa!"

Wageni wakaja na Adilson, mtoto wa dada yake, anayewatembeza. Wakaonja jibini, wakaisifu, wakatoa kamera. Mmoja akamnong'oneza Adilson, naye akainamisha kichwa.

"Mama mdogo, wanaomba usogee kidogo. Wanapiga picha nyumba iliyozikwa, sasa unawaziba."

Nilitaka kuwatukana mpaka wateremke mbio hadi baharini. Zulmira akachukua ufagio wake, akashuka, akasimama kwenye mawe meusi yanayounguza. Wageni wakapiga picha, kisha wakaketi pale pale alipokuwa ameketi, wakawa wanacheka.

Jua likazidi kuchoma.

"Adilson," akaita taratibu, "hebu waulize, naweza kurudi kwangu?"