Mashimo Niliyoyafuta Kwenye Makisio

Mwanangu, siku ile ya Kolandoto naikumbuka mpaka rangi ya gauni alilovaa Mama Kulwa. Nilikuwa kijana, fundi seremala wa miaka miwili tu, na kichwa kimenivimba kuliko kazi niliyoijua. Mama huyo aliniita nimfanyie makisio ya sakafu ya mbao nyuma ya nyumba, iliyoinuliwa usawa wa mlango. Mwanawe Kulwa alikuwa ameangukiwa na kifusi shimoni, huko Geita alikokwenda kutafuta dhahabu, miguu ikafa. Tangu arudishwe nyumbani hakuwahi kutoka nje ila kwa kubebwa, na kubebwa kulimtia aibu. Alitaka ajisukume mwenyewe na kiti chake cha magurudumu, akae nje aone ng'ombe wakirudi.

Nilipima, nikaandika mbao, boriti, nguzo, misumari na oili chafu ya kuzuia mchwa. Mwisho nikaandika mashimo ya nguzo, kina cha futi nne, na mawe na saruji yake. Jumla ikazidi. Mama Kulwa alikuwa ameuza ng'ombe mmoja, basi, na fundi aliyepita asubuhi alikuwa amemtajia bei ya juu vilevile. Niliitaka sana kazi ile. Nikayafuta mashimo, nikabakiza ya futi moja, bila saruji. Kilikuwa kiangazi, na unaujua udongo wetu mweusi wa mbugani wakati huo, sururu inadunda. Nikamwambia, "Mama, ardhi hii ni jiwe, usifukie hela yako chini." Akanishukuru kwa mikono miwili. Shukrani ile inaniuma hadi leo.

Kazi ilipendeza, sikatai. Kila jioni Kulwa alitoka mwenyewe, na mama yake akaanza tena kucheka na majirani.

Kisha mvua zikaja. Udongo ule ukishiba maji unakuwa uji. Nguzo mbili za upande wa zizi zikazama Kulwa akiwa nje, sakafu ikainama, kiti kikateleza naye hadi kwenye tope. Hakuvunjika. Alilala pale akimwita mama yake, mwanamume mwenye ndevu, na majirani wakaja kumwokota.

Nilipopata habari nilimkimbilia Mzee Masanja, aliyenifundisha ufundi, nikampeleka pale nikitumaini atasema ni mvua. Mama Kulwa alitusimamia. Mzee alichuchumaa, akachomeka fimbo kando ya nguzo.

"Mashimo haya ulijua yanatakiwa kina gani?"

"Nilijua, mzee."

"Ungekuwa hujui, ningekufundisha. Sasa nikufanyeje, baba?"

Nililia mbele ya yule mama, mwanangu. Sikuona pa kuficha uso.

Niliuza baiskeli yangu, nikachimba upya, nikamwaga zege, mzee akikagua shimo moja moja. Sakafu hiyo ya pili ungeweza kuipandishia trekta. Siku ya kumaliza, Kulwa alisogea hadi mlangoni. "Simama wewe kwanza," akasema. Nikasimama, nikaruka, nikaruka tena hadi jasho likanitoka, mtu mzima narukaruka kama mtoto mwenye nguo mpya. Akageuza kiti akarudi ndani. Miaka yote niliyopita njia ile sikumwona nje tena. Mama yake alianika michembe ya viazi vitamu juu ya zile mbao.

Kwa hiyo, ukienda kwa mteja na tepu yako, muulize kwanza nani atakaa juu ya hiyo kazi. Uliza na mvua inapita wapi. Kisichoonekana kiandike kwa herufi kubwa kuliko mbao, kwa maana mbao mteja ataziona mwenyewe na atazidai. Kama hela haitoshi, mwambie haitoshi. Punguza upana, mwambie asubiri mavuno, au mwache aende kwa fundi mwingine na wewe ulale njaa siku hiyo. Njaa ile itapita. Mimi zege nililirudishia, lakini imani ya Kulwa sikupata pa kuinunua.

Nenda, mwanangu. Mungu aushike mkono wako unapopima, na akupe ulimi usioogopa kutaja bei ya kweli. Watu wakanyage kazi yako bila kutazama chini.